Waya Nyuma ya Banda la Kuku

Kutoka mlango wa jiko langu hadi lango la Eteri
ni hatua mia nne na kumi,
ukikatiza kwenye mitofaa.
Nilizihesabu nikiwa na miaka saba,
tukitoka kuiba jamu ya plamu kwa shangazi,
vidole vikinata.

Siku hizi hatua ya mia moja na tisini ina waya.

Walikuja Jumanne na lori la nguzo,
vijana wenye vipimo na makopo ya rangi ya kijani.
Wakauliza, choo kile cha nani?
Nikasema changu.
Wakapiga nguzo kati ya choo na banda la kuku,
wakaomba maji ya kisima, wakanywa,
wakashukuru.

Tangu hapo choo changu kiko ng'ambo
na dada yangu pia.

Jumberi alivuka kumfuata ng'ombe wake.
Ng'ombe alirudi jioni ileile, kiwele kimejaa.
Jumberi alirudi baada ya siku kumi na moja,
hana mkanda, viatu havina kamba,
na stakabadhi ya faini yenye mihuri mitatu.
Sasa anamfunga ng'ombe mguu kwa kamba
na kumtazama kwa wivu.

Mimi nilikuwa na vidonge vya moyo.
Thelathini, vya Eteri, kutoka duka la dawa la Gori.
Nilivishona kwenye pindo la sketi, kimoja kimoja,
visije vikalia kama njuga.

Mwenda pole hajikwai.
Haya. Na atambaaye?
Atambaaye huchanika goti,
humeza ukungu,
hujifunza kwamba jani kavu la mjozi
lina sauti ya jirani anayekuchongea.

Kuna handaki, walilichimba Machi, maji yanafika mapajani.
Kuna mlingoti wenye jicho:
linageuka, linarudi baada ya ishirini na sita,
nami nahesabu pamoja nalo, kama tunafundishana.
Kuna mbwa.
Mbwa simlaumu. Naye kaajiriwa.

Na neno lenyewe, mpaka, lina ujanja wake.
Linakuambia koma,
halafu linakuambia ngoja:
mpaka asubuhi,
mpaka wakubwa wapatane,
mpaka moyo wa Eteri uchoke kungoja.

Kijana aliyenimulika hakuzidi miaka ishirini.
Makamasi yalimchuruzika kwa baridi.
"Mama, unajua uko wapi?"
Najua, nikamwambia. Kwenye kitalu cha vitunguu cha babu yangu,
na wewe umevikanyaga.

Akatazama chini.
Akasogeza buti.
Naapa, alisogeza buti.
Kisha akaita kwa redio.

Walichukua kisu cha matunda, simu, pini za nywele.
Pindo la sketi ya bibi kizee nani alipekue?
Nililala juu ya benchi siku tisa,
na kila usiku kidole changu kilitembea kwenye mshono:
moja, mbili, tatu, hadi thelathini,
hatua zangu zilizobaki.

Siku ya kumi wakanipakia garini kunirudisha kupitia darajani.
Dereva hakujua kijiji, akauliza njia.
Nikamwelekeza.
Kushoto penye kanisa, kushoto tena,
polepole hapa, mwanangu, pana shimo.
Shimo halikuwepo. Lilikuwepo lango la Eteri.

Uzi nilikuwa nimeshaung'ata tangu kanisani.
Kioo cha gari kilikuwa wazi upana wa kiganja.

Ishirini na vitatu vilitoka. Saba viling'ang'ania kitambaa.
Dereva alisema, "Mama, unatupa nini?"
Nikasema makombo.

Nilipogeuka, kupitia vumbi,
niliona kuku wa Eteri wanakimbilia barabarani, shingo mbele,
na nyuma ya kuku
mtu mwenye ufagio,
anakimbia.